Tucheze na Nani?



Tangu zile barua mbili zilifika kwa mwalimu wa michezo, mabishano hayakomi katika ekipe yetu ya voleboli. Barua moja inatualika kwa kombe la mji, fasi ambapo wanacheza watu wazima wa club, wenye mazoezi karibu kila siku. Ya pili inatoka kwa vijana wa parokia. Zote mbili ni siku ya posho moja, na franga za transpoti zinatosha safari moja tu. Wengi wanasema: twende kwa wakubwa, kwenda parokia ni haya. Sisi wa ekipe ya pili tunaona ingine, na tunaomba mutusikilize kwanza.

Mwaka jana wasichana wetu walipelekwa kwa mashindano makubwa. Seti ya kwanza 25 kwa 4, ya pili 25 kwa 3, ya tatu 25 kwa 5. Hawakuwa wavivu. Servisi za wale zilikuwa zinaanguka chini mbele hata hawajanyosha mikono. Kiisha kurudi, sita waliacha ekipe, na watatu hawajarudi mpaka leo. Katika wale watatu kuko mmoja aliyekuwa anapokea mpira vizuri kupita sisi wavulana wote. Ile njo inatuuma. Kushindwa tumezoea.

Mutoe hesabu pamoja nasi. Zamani, ekipe iliyopiga servisi ndiyo peke yake ilipata pointi, na seti ilikwisha kwa 15. Mwaka 1998 wakubwa wa voleboli ya dunia walikubali kubadilisha: kila mpira unaleta pointi, na seti inafika 25, ila ya tano inakwisha kwa 15. Kwa hiyo ukijumlisha pointi za pande mbili unajua ni mipira mingapi ilichezwa. Wasichana wetu walicheza mipira 87, na mingi ilikwisha kwa servisi tu. Sisi, kwa matchi yetu na masomo ya jirani, tulipata 25 kwa 21, 22 kwa 25, 25 kwa 23, 25 kwa 20. Ile ni mipira 186, na mingi ilipita juu ya wavu mara tatu, mara ine. Nani alijifunza zaidi siku yake?

Tunasikia ku Ulaya jambo hili wamelipanga. Kuko mchezo unaoitwa padel, ndugu ya tenisi, ulioanza Acapulco, Meksiko, mwaka 1969; wanacheza wawili kwa wawili katika kiwanja cha metre 20 kwa 10 chenye kuta. Ufaransa mashindano yake yana majina kama P25, P100, P250, kupanda mpaka P2000. Mwenye kuanza anasoma namba ku tangazo na anajua mlango wake. Kwetu tangazo linasema tu "kombe kubwa, watu wote waje". Basi lazima tujipime wenyewe.

Tulijipima hivi. Mwezi uliopita tulienda kuangalia moja ya zile club ikijizoeza, na kapiteni wao, mzee mwenye roho nzuri, alitukubalia tusimame nyuma tupokee. Ku servisi kumi, tulirudisha mbili. Servisi za ekipe yetu ya kwanza tunapokea sita ku kumi, nane siku nzuri. Tena tukumbuke, wakubwa wetu watatu walifanya Egzamini ya Serikali na wameondoka. Ekipe iliyoshinda mwaka jana haiko tena, jina tu limebaki.

Wengine wanatuletea Biblia: je, Daudi hakupigana na Goliati? Vema. Lakini musome sura yote. Daudi alikuwa amekwisha kuua simba na dubu kwa kuchunga kondoo; njo vile alijizoeza. Na Sauli alipomvalisha silaha zake, alizivua, juu hakuzizoea. Sisi bado tuko kwa kondoo, na dubu hatujamuona.

Tena huu mchezo wenyewe ulizaliwa kwa kutafuta kimo cha watu. Mwaka 1891 James Naismith alitunga basketi katika chuo cha YMCA, chama cha vijana Wakristo, pale Springfield, Marekani. Mwaka 1895 William G. Morgan, wa YMCA ya Holyoke, mji wa jirani, aliona basketi ni nguvu sana kwa watu wazima wa kwake. Hakuwafukuza. Alifunga wavu juu kidogo ya kichwa, metre 1,98, akawapa mchezo usio wa kusukumana. (Leo wavu wa wanaume ni 2,43 na wa wanawake 2,24, na ule wetu unalala katikati, lakini hiyo ni habari ingine.)

Kuko ubaya mwingine, na huu hatuwezi kuuficha. Kuna ekipe zenye nguvu zinazotafuta mashindano madogo juu ya mbuzi wa zawadi. Zinakuja, zinapiga batoto, zinabeba mbuzi, zinarudi zikiimba. Kwetu ile ni wizi, hata kama sheria haikatazi. Kama parokia wataona tunawapita sana, tumewaambia wachezaji wetu wa mbele wakae inje, na wale wa darasa la saba na la nane waingie.

Jumatano jioni tulikutana na mwalimu na prefe. Ekipe ya kwanza ilitaka sana kombe la mji, na prefe aliwapa franga zote, na sisi hatukubisha. Parokia ni kilomita saba, tutaenda kwa miguu. Tutaondoka saa kumi na mbili ya asubuhi mbele ya kanisa, kila mtu na maji yake. Wasichana wamealikwa pia, wana seti zao saa tano. Wawili ku wale watatu tumewatembelea nyumbani. Mmoja amesema atakuja kuangalia tu, lakini aliuliza kama viatu vyake bado viko katika depo.