ONESIMO: KUTOKA JINA LA KAZI HADI JINA LA NDUGU



NENO LA LEO: Filemoni 1:10-20. Kitabu kizima ni sura moja tu, kisome kabla hujaenda shambani.

Sisi huku Kipkelion tunajua jina husema jambo. Kipkoech ni mvulana aliyezaliwa alfajiri. Msichana wa saa hiyo ni Chepkoech. Mwanzo wa jina hututambulisha. Kigiriki hufanya hivyo mwishoni: Onesimos ni mwanamume. Na mwisho huo hubadilika kulingana na kazi ya jina katika sentensi. Mstari wa 10, Paulo anaandika Onesimon.

Kwa sababu hiyo, Mgiriki ana uhuru wa kuliweka jina mahali apendapo. Tazama Paulo alipoliweka! Anatangulia kusema anamwombea mtoto wake, kisha kwamba alimzaa akiwa kifungoni, ndipo mwisho kabisa analitaja jina. Filemoni anapolisikia, tayari ameshaambiwa huyu ni mtoto wa nani.

Onesimo maana yake "mwenye faida". Watumwa wengi waliitwa hivyo, kama mtu anavyosifu jembe lake. Lakini mstari wa 20 Paulo anachukua neno la shina lilo hilo na kumgeuzia tajiri: ndugu, sasa wewe unipe faida! Na mstari wa 16 umeshasema huyu si mtumwa tena, ni ndugu mpendwa.

Usisahau, kanisa lilikutana nyumbani kwa Filemoni (mst. 2), na barua iliandikiwa wao pia. Wote walikuwa wakingoja kuona atampokeaje.

Mpendwa, je, wewe? Yule kijana anayekukamia ng'ombe, jina lake nani? Yule dada anayewapikia chai siku ya ushirika nyumbani kwako, huketi nanyi Neno likisomwa, au hubaki jikoni? Yule mchumaji unayemjua kwa kilo zake kwenye mizani, akiugua na kilo zikashuka, bado ni ndugu?

Wiki hii usiseme "kijana wangu wa kazi". Mwite kwa jina lake. Mlipe kwa wakati. Mketishe mezani.

TUOMBE: Bwana Yesu, ulitupokea tukiwa hatuna faida. Tufundishe kuwapokea wengine vivyo hivyo. Amina.

Kama umepokea, andika AMINA, na umtumie mwenzako mwenye wafanyakazi. Mbarikiwe!