Qurtuba kwa Gari la Kukodi

Mji wa Qurtuba, uitwao leo Córdoba, nchini Hispania, wafaa kuzuriwa kwa gari la kukodi. Ila ujue kwamba huko huendeshwa upande wa kuume. Anza na Madinat al-Zahra, yapata kilomita 8 magharibi: mji wa makhalifa ulioanzwa mwaka 936, ukabomolewa kwa fitina ya wenyewe kwa wenyewe kabla ya kutimia miaka 100. Kisha uliache gari ng'ambo ya mto, uvuke daraja la Kirumi kwa miguu. Mbele yako ni msikiti ulioanzwa na Abdulrahman wa Kwanza, wenye nguzo zaidi ya 800. Tangu mwaka 1236 ni kanisa. Mihrabu ingalipo, nayo pekee yatosha kuwa sababu ya safari. Lakini hutazamwa kupitia vyuma, na Mwislamu haruhusiwi kusali humo. Mswala wako uache garini.