Kiatu cha Baiskeli Si cha Picha Tu

Wasee, mimi huenda kazi na baiskeli nikipitia Ngong Road, na pedali zangu zina kile kikapu cha kushika vidole. Matatu ikifunga breki ghafla mbele yangu, mguu lazima uchomoke hapo hapo, la sivyo naanguka nayo. Ndio maana kiatu nachagua na akili. Zile raba nene za siku hizi haziingii, na soli ya meno hukwama kwa pedali. Gikomba natafuta raba nyembamba huku mbele, soli tambarare na ngumu kiasi. Ikunje na mkono: ikijikunja kama chapati, achana nayo. Kamba zichomeke ndani zisishikwe na cheni. Mkanda usiukaze sana ukiwa tao. Kupendeza ofisini? Hiyo ni nyongeza.