Kocha Alitoka Wapi

Kocha wetu pale Elburgon hakuwa na filimbi. Alipiga mluzi kwa vidole viwili, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele, maana alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka kiwanda alichofanya kazi na buda wangu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mkewe alimwita Kocha.

Juzi, nikitafuta kitu cha kuandika (nalipwa kwa makala, yaani kuna miezi silipwi), nikalifuata hilo neno kwenye kamusi. Tulilipata kwa Waingereza, hiyo nilijua. Wao walilitoa kwa Wafaransa, coche, Wajerumani nao wana Kutsche, na njia zote zinarudi kijiji kimoja cha Hungaria kinachoitwa Kocs, kwenye barabara ya kutoka Vienna kwenda Buda. (Buda mji, si buda mzee.) Karne ya 15 mafundi wa huko walisifika kwa gari jepesi la farasi. Watu wakaliita kocsi szekér, gari la Kocs. Baadaye szekér ikadondoka, ikabaki kocsi, inayotamkwa kochi. Kochi la sebuleni kwa mathe halihusiki, hilo limetoka kwenye neno la Kifaransa la kulala. Mpaka leo kwa Mhungaria kocsi ni gari. Na Sándor Kocsis, aliyefunga mabao 11 Kombe la Dunia la 1954? Jina lake maana yake ni mwendesha gari la farasi.

Sasa gari liligeukaje mtu? Miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford walianza kumwita coach mwalimu wa kulipwa aliyewavusha mtihani. Alikuwa anawabeba. Michezo ililichukua neno baadaye.

Hilo la kubeba ndilo lilinikaa.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma. Viwanda vya mbao Elburgon vikanyamaza. Buda akakosa kazi, karo ikakosekana, nikaacha chuo mwaka wa pili. Kocha naye alikuwa amekosa kazi. Lakini wiki niliyorudi na begi langu alikuja nyumbani, akaketi kwenye lile kochi, akampa mathe elfu mbili, akasema nirudi nifanye angalau mtihani uliobaki.

Sikurudi. Pesa ilinunua unga. Sijawahi kumwambia, na tukikutana stendi bado ananiuliza, "Ile shule ulifika wapi?"

"Tuko njiani, Kocha."