Tairi la Mjini, Tairi la Maweni

Baba hakuwahi kuuliza tairi la aina gani. Aliuliza kama lipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Unguja ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu, na baiskeli yake nyeusi ya Phoenix, iliyotoka Shanghai kama nyingi za wakati ule, ilivaa tairi la inchi 28 kwa moja na nusu: jembamba, limenyooka, lenye mistari midogo ambayo haikuchukua muda kufutika. Likichanika ubavu, fundi wa Mkunazini alilishona kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, akapachika kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili mshono usiile tyubu, safari ikaendelea. Baba akirudi usiku tulimjua kwa mlio. Kila tairi likizunguka, mshono uligonga sakafu ya kichochoro, tak, tak, mama akaanza kupakua.

Kwa bibi kulikuwa Jambiani, na njia ya huko ndiyo iliyonifundisha kisiwa. Wakulima wa Unguja wana majina ya ardhi yao, na anayepiga pedeli huyajua hata kama hajawahi kushika jembe. Upande wa magharibi kuna kinongo, udongo mwekundu wa minazi na mikarafuu, ambao kiangazi ni mgumu na mzuri. Kwenye mabonde ya mpunga, kama Cheju, ni kinamo. Masika ikishaingia, kinamo hakikuachii. Kuna kichanga, halafu ukishapita Jozani na kuelekea pwani ya mashariki unaingia uwanda na maweni, mawe ya matumbawe yaliyotokeza juu, makali, na udongo kiduchu katikati yake. Phoenix ilipita kote huko kwa tairi lile lile. Pale iliposhindwa, baba alishuka akaisukuma, wala hakuona ajabu. Ndivyo baiskeli ilivyokuwa.

Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, alipofungua milango ya biashara, maduka ya Darajani yakajaa, na miaka ya 1990 makontena ya mitumba yakaanza kushusha baiskeli za gia. Ami yangu alininunulia moja, ya bluu, rimu za inchi 26, matairi mapana yenye meno kama ya trekta. Mtaa mzima ulikuja kuyashika. Tangu siku hiyo, kwa vijana wa rika langu, tairi zuri lilikuwa lenye meno makubwa, basi. Tairi lisilo na meno tuliliita la wazee.

Inchi 26 hiyo ina asili yake. Vijana wa Marin, California, katika miaka ya 1970 walikuwa wakiteremka milima kwa baiskeli kuukuu za Kimarekani zenye matairi manene, mtindo ambao kampuni ya Schwinn iliuanzisha mwaka 1933. Walizichagua kwa kuwa zilikuwa nzito, imara, na bei poa. Baiskeli ya mlima ikazaliwa na saizi hiyo, ikaenea nayo dunia nzima. Kwa hiyo meno yale yaliundwa kwa ajili ya vumbi na changarawe za mteremko wa California. Hayakuundwa kwa ajili ya Kiponda baada ya mvua.

Na Kiponda baada ya mvua ndiko yalikotuumbua. Sakafu ya vichochoro vya Mji Mkongwe ikilowa huteleza, na tairi lenye meno magumu yaliyoachana husimama juu ya ncha zake tu. Mpira unaogusa chini ni kidogo mno. Tairi la wazee liligusa kwa upana wake wote likashika. Kwenye lami meno yalivuma na kula nguvu za miguu. Kwenye kinamo kulikuwa na jambo jingine: meno yaliyosongamana hujaa tope, na baada ya hatua chache tairi limekuwa mviringo wa udongo mtupu, wakati yaliyoachana hulitema. Na kwenye maweni meno hayakuwa na la kusaidia. Jiwe la matumbawe halichomi pale penye mpira mnene. Linakata ubavuni, palipo pembamba. Anayekwenda maweni aangalie ubavu wa tairi kabla ya kuangalia meno yake. Aukunje kwa vidole viwili, akiona unakunjika kama kitambaa alirudishe dukani.

Aliyenibadilisha mawazo alikuwa fundi mmoja mzee pale Darajani, ambaye kazi yake ilikuwa pancha tangu asubuhi mpaka magharibi. Nilimpelekea tyubu yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba. Akaitia beseni la maji, akatazama povu linavyotoka pande mbili, akaguna.

"Shikamoo babu. Ni miba?"

"Marahaba. Miba gani ya kuuma mara mbili? Hii imebanwa na rimu. Ulipunguza upepo ukaenda kugonga jiwe."

Nikamwambia nilipunguza ili nipite mchangani. Akanikubalia. Mchangani upepo mdogo ni haki yake, akasema, tairi litanuke lielee. Lakini ukitoka mchangani urudishe, maana jiwe halina huruma na tairi laini. Kisha akaniambia niache kwanza habari ya meno. Nijue upepo, halafu turudi kwenye meno.

Nikaujua. Kwa tairi la inchi 26 lenye upana wa 1.95 na uzito wangu, lami ilitaka paundi hamsini hivi, kifusi thelathini na tano, na mchanga chini ya hapo, kwa uangalifu. Pwani ya Jambiani hadi Paje nilianza kuipita maji yakitoka, hasa wakati wa bamvua, bahari inaporudi mbali na kuacha ukanda mpana wa mchanga mgumu. Maji mafu njia hiyo huwa nyembamba, unajikuta kwenye mchanga mkavu ambao hakuna tairi la kawaida linaloupenda. Na wakati wa kusi ni heri uanzie Makunduchi, upepo ukusukume. (Ukifika, osha baiskeli. Chumvi haidhuru mpira, inakula rimu ya chuma, na kutu ya rimu ndiyo inayotoboa tyubu.)

Baada ya hapo ndipo niliporudi kwenye meno, na sikuvaa tena matairi mawili yanayofanana. Mbele naweka lenye meno ya wastani yaliyoachana, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza unaanguka. Nyuma naweka lenye meno mafupi yaliyokaribiana, na mstari usiokatika katikati, kwa sababu nyuma ndiko uzito uliko na ndiko linakokwisha upesi. La nyuma likiteleza unatikisika tu.

Siku hizi lami imefika Paje, Makunduchi, Nungwi, na kifusi kimebaki kwenye njia za pembeni. Mpwa wangu amepata baiskeli ya inchi 29 na anaamini ni kubwa kuliko zote. Nilimpeleka stoo, nikampangusia vumbi ubavu wa tairi la baba, tukasoma namba: rimu yake ni milimita 635. Ya kwake ni 622. Inchi hizo hupimwa pamoja na tairi lenyewe, na tairi lake ni nene, ndiyo maana. Alikasirika kidogo. Matairi yake hayana tyubu, yametiwa maji mazito meupe yanayoziba tundu la mwiba papo hapo, na hilo nalihusudu. Lakini joto letu huyakausha upesi, na jiwe la Michamvi lilipopasua ubavu wa tairi lake maji hayo yalimwagika yote njiani. Ndani ya mfuko wangu kulikuwa na tyubu na kipande cha tairi kuukuu. Tukapachika, tukajaza upepo, tukafika Pingwe kabla ya adhuhuri.