Kigango: Kutoka Uani mwa Mgiriama hadi Makumbusho ya Ng'ambo

Kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa kwa heshima ya mzee wa Kigiriama, wa pwani ya Kenya, aliyefariki akiwa mwanachama wa Gohu, chama cha wanaume wenye mali na hadhi. Kuingia Gohu kulidai karamu kubwa, nyama na tembo la kutosha watu wengi, kwa hiyo kigango kilikuwa pia ushahidi kwamba marehemu alijua kukirimu wenzake. Watu wengine walisimikiwa koma, kijiti kifupi kisicho na mapambo mengi.

Kichwa cha kigango huwa cha duara au bapa. Chini yake kuna kiwiliwili kirefu, chembamba, kilichojaa nakshi za pembetatu ndogondogo zilizokatwa kwa ncha ya kisu na kupakwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Vipande vya kitambaa hufungwa kama nguo ya marehemu. Kazi hii ni ya ustadi mkubwa, na ustadi huo ndio ulioiponza.

Kigango hakisimikwi siku ya maziko. Huenda miaka ikapita mpaka marehemu amjie jamaa yake ndotoni akidai makazi, au ugonjwa uingie nyumbani na mganga aeleze kwamba koma, yaani roho ya marehemu inayoitwa kwa jina moja na kijiti kile, amesahauliwa. Hapo ndipo fundi huitwa. Kikishasimikwa, wazee hukimwagia mnazi na kuzungumza na marehemu kwa jina lake, wakimweleza shida za watoto, mvua na mifugo. Mulungu, yaani Mungu, ni mkuu kuliko wote, lakini koma ni jamaa: ana haki ya kula, kukasirika na kuombwa msamaha.

Sharti moja lilikuwa zito: kigango hakiondolewi mahali pake. Ukoo ukihama, nguzo hubaki kwenye mahame. Nao Wagiriama walihama sana. Katika karne ya 19 walitoka Kaya Fungo, boma lao la asili lililozungukwa na msitu, wakatafuta ardhi ya kulima hadi kuvuka mto Sabaki. Mwaka 1914, baada ya mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, kuwaapisha watu wasiwatii Waingereza, serikali ya kikoloni iliilipua kaya hiyo kwa baruti, na Wagiriama wa kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuhama. Nyuma yao walibaki mababu wamesimama vichakani, bila mlinzi ila hofu ya laana.

Hofu hiyo ilitosha kwa muda mrefu. Utalii ulipokua Malindi na Mombasa katika miaka ya 1970, nguzo hizo zilipata bei. Vijana wasio na kazi waliving'oa vigango usiku, wenye maduka wakavinunua na kuvisafirisha Marekani. Lawama kubwa zaidi inawaangukia walionunua bila kuuliza kigango ni cha baba wa nani.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita, mpaka Udvardy alipokiona kimoja katika picha za mkusanyiko wa makumbusho ya Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya chuo kikuu huko Virginia. Yeye na mwenzake Linda Giles waliendelea kutafuta, wakahesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Vile viwili vilirudishwa kwa familia mwaka 2007, na picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Vingi havina picha. Makumbusho ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kwamba yangerudisha vigango 30, lakini kurudi Kenya si kurudi uani. Kigango kisichojulikana ukoo wake hakiwezi kusimikwa popote, maana hakuna mwenye haki ya kukimwagia mnazi, na hakuna ajuaye jina la kumwita koma aliyemo.

Misitu ya kaya iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na wazee wake wanaendelea kuilinda. Kwa vigango hali ni ngumu zaidi. Familia nyingi sasa ni za Kikristo au za Kiislamu na huwajengea wazazi makaburi ya saruji. Zile ambazo bado zinaishika mila hulazimika kufikiria kwanza jinsi ya kumlinda babu asiibwe, kabla hata ya kumwita fundi.