Lazaro na Meza ya Mazungumzo



Katika Injili ya tajiri na Lazaro (Lk 16:19-31) hatusikii popote kwamba tajiri alimpiga yule maskini wala kumfukuza. Lango lilikuwa lake, meza ilikuwa yake, na mbele ya sheria za mji huenda hakuwa na kosa lolote. Tunawaalika tuitafakari Injili hiyo kwa kutazama lango mojawapo la zama zetu, yaani hataza za dawa.

Hataza ni haki apewayo mgunduzi, ili kwa miaka 20 mtu mwingine asiitengeneze dawa yake bila idhini. Kanisa halipingi mtu kulipwa kwa jasho lake. Hata hivyo Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Sollicitudo Rei Socialis wa mwaka 1987, alifundisha kwamba mali binafsi inabeba juu yake rehani ya kijamii.

Mwaka 1998 makampuni ya dawa yaliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria iliyokusudia kupunguza bei ya dawa, huku UKIMWI ukiteketeza watu. Yaliondoa kesi Aprili 2001. Novemba mwaka huohuo, huko Doha, mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) walikubaliana kwamba hataza zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Je, nchi isiyo na kiwanda ifanyeje? Jibu lilipatikana tarehe 30 Agosti 2003: iagize kwingineko, mradi itaje dawa na kiasi chake, nchi itengenezayo itoe leseni ya kiasi hicho tu, na dawa zenyewe ziwekwe alama ya pekee. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa aina ya uji, idadi ya vijiko na rangi ya bakuli!

Rwanda ilijaribu. Ilitoa taarifa Julai 2007, na vidonge vya kupunguza makali ya UKIMWI kutoka Kanada vilianza kufika Septemba 2008. Hakuna nchi nyingine iliyopata kupokea dawa kwa njia hiyo.

Oktoba 2020, India na Afrika Kusini ziliomba hataza zisimamishwe kwa muda kwa ajili ya chanjo, dawa na vipimo vya UVIKO-19. Mei 2021 Papa Fransisko aliliunga mkono wazo hilo. Uamuzi ulitoka Geneva tarehe 17 Juni 2022, nao ulihusu chanjo peke yake. Wakati huo wengi katika nchi tajiri walikuwa wamekwisha kuchanjwa mara ya tatu.

Kiti Kitakatifu kina mwakilishi wake katika vikao hivyo, mtazamaji asiye na kura. Katika Misa za Jumapili hii tutamwombea yeye pamoja na wote waketio mezani, na tutawaombea marehemu waliofariki wakati aya zikijadiliwa.